Anti Perez na Mlango Mzito

"Kama hiyo mashine ni dawa, mbona nyinyi mnatoka nje?"

Nilimwuliza Anti Perez swali hilo mwezi wa nane mwaka wa 1988, nikiwa darasa la tatu. Tulikuwa kwenye foleni ya mfereji wa maji hapa Nyalenda, mimi na mama na ndoo zetu mbili, na yeye mbele yetu na mtungi wa plastiki wa rangi ya manjano. Alikuwa amehamia chumba cha mwisho cha ploti yetu ya vyumba vya kupanga wiki hiyo hiyo, akitoka masomoni Nairobi, na foleni nzima ilitaka kujua amesomea nini.

Alisema amesomea tiba ya mionzi. Foleni ikanyamaza, kwa hiyo akaanza tena polepole. Alisema kuna uvimbe mbaya ambao kisu cha daktari peke yake hakiumalizi. Basi kuna mashine kubwa yenye kipande cha kobalti ndani, na hiyo kobalti hutoa miali ambayo jicho haliioni. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda chembamba, huchorewa mistari mwilini kwa dawa ya zambarau ili miali ipite hapo hapo na si kwingine. Halafu wahudumu hutoka nje, hufunga mlango mzito uliojazwa risasi, yale madini ya kwenye betri za magari, na kubonyeza swichi. Mgonjwa hubaki ndani peke yake dakika mbili tatu. Hasikii uchungu wowote. Kisha mlango hufunguliwa, na kesho anarudi tena, mpaka siku zake ziishe.

Ndipo nikauliza. Mama alinifinya sikio, kwa sababu kwetu mtoto haingilii mazungumzo ya watu wazima, hasa wakiwa na mgeni. Lakini mwanamke mmoja nyuma yetu alisema, "Mwache, Mama Nekoye. Mtoto ameuliza kitu," na foleni ikaanza kucheka huku ikimtazama Anti Perez atajibu nini.

Yeye hakucheka. Aliangalia maji yakijaa mtungini mpaka yakamwagikia viatu.

"Unaitwa nani?"

"Nekoye."

"Nekoye, hilo nitakujibu siku nikiifanya hiyo kazi. Leo nikikujibu, nitakuwa nasoma kitabu tu."

Nilidhani kazi ataipata wiki ijayo.

Jina lake kamili ni Perez Aoko, mzaliwa wa Pap Onditi huko Nyakach, wa tatu kwa watoto saba. Wazee wa Kijaluo kwenye ploti walimwita nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, na sisi watoto tulimwita Anti. Haya mengine nimeyapata kwake mwenyewe, kidogo kidogo. Mimi huuliza sana, na yeye hupenda kusimulia mikono yake ikiwa na shughuli nyingine, kuchambua mchele au kupiga pasi.

Kabla ya Nairobi alikuwa msaidizi katika chumba cha giza cha hospitali moja ndogo ya misheni, mahali pa kuoshea filamu za eksirei. Chumba hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na taa nyekundu, beseni tatu za dawa, na kamba ya kuanikia filamu kama nguo. Anasema alizijua mbavu za watu wengi kuliko nyuso zao. Siku moja sokoni aliona mwanaume mwenye bega lililopinda kwa namna fulani, akamkimbilia na kumsalimia kwa furaha kama ndugu, na yule mtu akashangaa sana, kwa sababu hawakuwa wamewahi kuonana. Perez alikuwa amekianika kifua chake kwenye kamba juzi yake.

Sista mkuu wa hospitali ndiye aliyemsukuma aende chuoni akasomee eksirei yenyewe. Huko wanafunzi walipelekwa wiki tatu kwenye idara ya mionzi ya kutibu, na wenzake wengi walilalamika, maana idara hiyo iko chini kabisa ya jengo na ina huzuni zake. Yeye alipomaliza wiki tatu aliomba kubaki. Nilimwuliza kwa nini. Alisema mtu wa eksirei humwona mgonjwa mara moja, piga picha, kwaheri. Mtu wa mionzi humwona mgonjwa yule yule siku ishirini, siku thelathini, mpaka anajua majina ya mbuzi wake.

Basi akasoma kozi ya pili juu ya ile ya kwanza. Alipomaliza, waliambiwa kwamba serikali imesimamisha kuajiri kwa muda, waende nyumbani wangoje barua.

Shida yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitatua. Mashine ya namna ile ilikuwa Nairobi tu. Kisumu nzima, kutoka ziwani mpaka milimani, hapakuwa na chumba chenye mlango kama ule. Alikwenda ofisi za mkoa na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, na karani akavisoma vyote kwa makini, mbele na nyuma, kisha akamwuliza kwa upole mtu anasomeaje mashine iliyoko Nairobi halafu aje kuitafutia kazi Kisumu. Perez akamweleza kwamba Nairobi wamemwambia aende nyumbani. Karani akasema, "Na hapa ni nyumbani, kweli. Karibu nyumbani, dada." Hiyo ndiyo huduma aliyopata siku hiyo.

Alirudi akatusimulia huku akimwigiza karani, miwani puani na kila kitu, na ploti yote ikacheka mpaka baba yangu, ambaye hufanya kazi reli na si mtu wa kucheka, akakohoa chai. Tangu siku hiyo baba alimwita Rubani. Alisema Nyalenda sasa ina rubani, imebaki kujengewa uwanja wa ndege. Kila jioni baba akirudi angeuliza, "Rubani, ndege imetua?" Naye angejibu, "Bado inazunguka, Mzee."

Alipata kibarua cha siku mbili kwa wiki katika kliniki moja ya mjini, kupiga picha za vifua na mikono iliyovunjika. Siku nyingine alikaa na mama yangu kwenye soko la Kibuye. Mama huuza mitumba, mstari ulio karibu na wauza ndala, na wakati huo alikuwa ameanza kupunguza suruali na sketi za wateja papo hapo kwa cherehani ya mkono. Anti Perez akawa mtu wa chaki. Mteja akivaa suruali, yeye alipiga magoti, akamzunguka mara moja, akachora mstari. Hakupima mara mbili. Mama alikuwa na wasiwasi mwanzoni, na kila suruali aliipima tena kwa futi. Baada ya wiki moja akaiweka futi chini ya meza na hakuitoa tena. Wateja walianza kuja wakisema wanamtaka "yule wa kuchora", na kuna kinyozi wa Kondele aliyeleta suruali ile ile mara tatu, inchi moja kila safari, mpaka mama akamwambia aseme wazi anachotaka au abaki na kaptula.

Kwenye kliniki, filamu zilizoharibika zilitupwa. Anti Perez alizileta nyumbani, akaziosha kwa maji ya moto na jiki mpaka weusi wote ukatoka, zikabaki plastiki safi, ngumu kidogo, unaona upande wa pili kama kioo. Alimpa mama azitumie kukatia mifano ya kola. Ukiiweka juu ya kitambaa unaona maua ya chini yake, kwa hiyo hukosei. Ninazitaja filamu hizi kwa sababu bila hizo, labda mpaka leo angekuwa anachora suruali.

Mwaka wa 1989 ukapita, wa 1990 ukapita. Aliandika maombi mengi ya kazi, yote kwa mkono, herufi zimesimama wima. Mjomba wake kule Pap Onditi alianza kumwambia kuna nafasi ya mwalimu wa msingi asiye na cheti cha ualimu, hesabu na sayansi, nyumba ipo. Anti Perez alisema atangoja mpaka mwisho wa mwezi wa nane mwaka wa 1991. Bila barua, ataenda kufundisha. Alituambia hivyo sote ili asiweze kubadilisha, na mama akaiandika tarehe hiyo kwa chaki kwenye ubao wa kibanda. Mimi nilijua maana yake. Akienda kufundisha, swali langu limekufa.

Sasa nieleze habari ya Mzee Obiero.

Gordon Obiero alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko, na kwenye kanisa letu yeye ndiye aliyekuwa sauti ya chini kabisa ya kwaya. Akishusha noti, benchi linatetemeka. Halafu sauti ikaanza kukwaruza, ikawa kama mtu anayeburuta gunia, na baada ya miezi ikabaki mnong'ono. Walimpata na uvimbe mdogo kooni, akapelekwa Nairobi kwa mionzi. Alikuwa amefika kama nusu ya siku zake ilipoingia Pasaka ya 1991. Kwa vile idara hufungwa sikukuu, wakamruhusu aje nyumbani kuanzia Alhamisi, arudi kitandani pale Jumanne.

Alikuja na mistari ya zambarau shingoni, pande zote mbili, na msalaba mdogo chini ya sikio. Mke wake, Mama Dorca, alimpokea kwa machozi na samaki. Na kwao, kama kwetu, mtu akitoka hospitali haachwi na hospitali mwilini. Anaoshwa. Jumamosi asubuhi Mama Dorca alimkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akachemsha maji, akachukua kipande cha sabuni ya mche na dodoki jipya, akamsugua kama sufuria. Mume wake hangeingia kanisani Jumapili ya Pasaka na rangi ya watu wa Nairobi shingoni.

Mzee alikaa kimya mpaka mwisho. Alipojitazama kwenye kioo cha baiskeli, ndipo alipochukua kalamu na kuandika kwenye gazeti kwamba mistari ile haioshwi, na kwamba bila mistari hawajui wapige wapi.

Saa nane mchana walifika kwenye kibanda chetu Kibuye. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya robota la sweta. Mama Dorca alikuwa amemshika mumewe mkono kama anayepeleka mtoto shule, na nyuma yao walikuja watu wa kwaya wapatao sita, na nyuma ya kwaya walikuja wale ambao hufuata tu wakiona watu wanafuata.

"Ameambiwa mambo mawili," Mama Dorca alisema. "Usiongee, na usioshe. La kwanza amelitii kabisa. Ndiyo maana la pili hatukulijua."

Mzee Obiero akakubali kwa kichwa, kwa huzuni nyingi.

Kisha Mama Dorca akaichukua chaki ya mama mezani na kuiweka mkononi mwa Anti Perez. Alimwambia yeye si ndiye aliyesomea mistari, basi arudishe. Kwaya ikasema ndiyo, arudishe. Mtu mmoja wa nyuma akasema mbona hata yeye ameona ilivyokuwa, mmoja hapa, mmoja pale. Mwingine akasema hapana, ule wa kushoto ulikuwa juu zaidi. Wakaanza kubishana juu ya shingo ya Mzee, mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidole chenye mafuta ya samaki, na Mzee akigeuza kichwa huku na huku kuwafuata.

Anti Perez alimkalisha Mzee kwenye kiti, uso kwa jua. Alimwangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa karibu, nikaona alichokiona: zambarau ilikuwa haijatoka yote. Kwenye mikunjo ya ngozi kulikuwa na kivuli chake, hafifu sana, kama alama ya maji ya jana ukutani. Nilidhani sasa atachora. Miaka miwili na nusu alikuwa anangoja mtu wa kumchorea, na mtu huyu hapa, amekaa, ameinua kidevu.

Aliirudisha chaki mezani.

"Mama, sichori."

"Nyar Nyakach, unatuogopa?"

"Suruali nikikosea, nafumua. Shingo haifumuliwi."

Mama Dorca akaanza kulia sasa kwa sauti, na kwaya ikanung'unika kwamba kumbe miaka hii yote alikuwa anajisifu bure. Mama yangu akawaambia wanyamaze au wanunue kitu. Anti Perez hakumjibu mtu. Alivuta moja ya zile plastiki za kola, iliyokuwa haijakatwa, akaifuta kwa kanga, akamwambia Mzee aangalie mbele, afunge mdomo, ameze mate mara moja kisha asimeze tena. Akaiegemeza plastiki kwenye shingo. Akachukua sindano, na kwa ncha yake akaanza kukwaruza juu ya plastiki kile alichokiona chini yake. Alianza na vitu visivyoosheka: pembe ya taya, kidoti cheusi alichozaliwa nacho Mzee, kifupa cha koo, mfupa wa bega. Kisha ile mistari. Palipokuwa na kivuli, alikwaruza. Palipofutika, aliacha wazi, hata kama mstari ungeweza kuunganika kwa urahisi na mtoto yeyote angeona unakoelekea. Akageuza kiti, akafanya upande wa pili kwa plastiki nyingine.

Halafu akaandika barua. Aliandika kwamba mistari ya mgonjwa imeoshwa kwa sabuni, saa ngapi, siku gani. Kwamba hakuna aliyeichora upya. Kwamba alichokwaruza ni kile tu kilichoonekana saa nane na nusu mchana, mgonjwa akiwa ameketi, na wasikitegemee bali wakilinganishe na faili. Alitia sahihi na jina lake, na chini yake, kwa kuwa Mama Dorca alisisitiza lazima watu wa Nairobi wajue pa kumpata, akaandika: Soko la Kibuye, mitumba, karibu na wauza ndala.

Mwisho akamgeukia Mama Dorca na kumwambia, "Na sasa hiyo shingo usiiguse. Hata na machozi yako."

Mzee Obiero akacheka. Cheko lake halikuwa na sauti, lakini mabega yalicheka.

Alikwenda Pasaka na shingo safi, akasimama na kwaya bila kufungua mdomo, na Jumatatu akapanda basi na zile plastiki mbili ndani ya gazeti kifuani. Hatukusikia lolote mwezi mzima. Kwaya ilikuwa imegawanyika, wengine wakimsalimia Anti Perez na wengine wakipita kibanda chetu wakitazama ndala. Baba akaacha kuuliza habari ya ndege. Kwenye ubao ile tarehe ya chaki ilianza kufutika na mama akaikoleza.

Katikati ya mwezi wa tano Mzee alirudi, siku zake zimeisha. Shingo ilikuwa nyeusi kama iliyoungua jua, lakini alikuja kwa miguu mpaka kibandani, akavua kofia, na ndani ya kofia mlikuwa na barua. Alisimulia kwa kukwaruza, neno moja moja, na mara nyingine aliandika kwenye karatasi ya kufungia. Mkuu wa chumba cha mionzi, mama mmoja anayeitwa Bi. Elsie, aliposikia mistari imeoshwa alishika kichwa. Wakampanga upya tangu mwanzo kwa faili, kazi ya asubuhi nzima, wakachora mistari mipya. Walipomaliza, Bi. Elsie aliiweka plastiki juu yake, kwa udadisi tu. Mikwaruzo ilikaa juu ya mistari kama mfuniko na chungu. Akauliza nani amefanya hivi. Mzee, kwa vile hakuruhusiwa kuongea, alimwonyesha barua. Bi. Elsie akaisoma mara mbili, hasa pale palipoandikwa wasikitegemee, kisha akamwuliza Mzee kama huyu mtu wa ndala ana kazi.

Barua ya kwenye kofia ilisema kuna nafasi moja imefunguliwa, waombaji wataitwa mwezi wa sita, na Perez Aoko atume vyeti vyake haraka, kwa jina la Bi. Elsie mwenyewe, asipitie kwingine.

Sikumbuki siku nyingine niliyoona watu wazima wakikimbia ovyo namna hiyo. Mama Dorca alileta kuku. Kwaya yote, pamoja na wale wa ndala, ilikuja kuomba. Mama alifungua robota jipya la viatu siku mbili kabla ya wakati wake ili amtafutie vya kwendea. Anti Perez ana miguu midogo, na robota lile lilikuwa la watu wa nchi yenye miguu mikubwa. Mwishowe walipata jozi moja nyeusi, ya heshima, kisigino kifupi, kubwa kwake kwa saizi mbili. Mama akaijaza pamba mbele. Kwenye ploti Anti Perez alijaribu kutembea kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, na vile viatu vikawa vinasema *pwata, pwata*. Baba akamwambia, "Rubani, tembea polepole, hutaanguka."

Alirudi baada ya siku nne. Walikuwa wameitwa watatu. Alisema waliulizwa maswali, wakapewa na mtihani wa mikono, na hakuongeza mengi. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake kumwuliza mtihani wa mikono ni nini, akaniambia niende nikaoshe vyombo.

Mwezi wa saba ukaisha. Wa nane ukaingia. Mjomba wake akatuma ujumbe kwamba nyumba ya mwalimu imepakwa chokaa. Tarehe ishirini na sita, siku tano kabla ya ile ya kwenye ubao, barua ilifika kwenye sanduku la posta la kanisa, na Mzee Obiero ndiye aliyeileta. Hakusema kitu. Alisimama mbele ya kibanda, akaiinua juu, akashusha noti moja. Ilikuwa bado ina kutu, lakini ilikuwa ya chini, ya chini kabisa, na watu wa mstari mzima waligeuka. Mama alifuta ubao kwa kiganja chake.

Baba alimsindikiza Anti Perez stesheni. Kabla hajaondoka nilimkumbusha swali langu. Aliniambia bado. Kazi ameipata, hajaifanya.

Tangu hapo alikuja mara chache, likizo fupi, na kila mara kulikuwa na watu wengi wa kumsalimia. Mimi nikamaliza msingi, nikaingia sekondari. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huu wa 1996, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha tatu, alikuja kwa wiki mbili. Siku ya pili tu alikuwa kibandani, ameshika chaki, na mimi nimesimama juu ya boksi nimevaa sketi ya shule inayohitaji kushushwa. Mzee Obiero alikuwa ng'ambo ya njia akitengeneza gurudumu na kuimba nyimbo za Krismasi kabla ya wakati. Anti Perez alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe, vya saizi yake. Nikamwambia ameifanya kazi miaka mitano sasa, na mimi bado nangoja.

Alichora mstari mpaka mwisho kwanza.

"Ya kitabu ni hii. Dawa ni ya yule aliyeandikiwa. Mzee yule aliipata dakika mbili kwa siku, shingoni tu, siku zake zikaisha, akarudi nyumbani. Mimi niko pale kila siku na wagonjwa hamsini. Nikibaki ndani na kila mmoja, nitakula dawa ya watu hamsini, mwili mzima, na hakuna daktari aliyeniandikia. Hiyo ningekuambia hata kwa foleni ya maji."

"Na ile isiyo ya kitabu?"

"Siku ya intaviu walitulazia muuguzi mmoja kitandani, mashine imezimwa. Kila mtu ampange kama mgonjwa, atoke, afunge mlango. Sote watatu tulimpanga sawa. Lakini wenzangu wakimaliza walitoka mbio, kama mtu anakimbia mvua. Mimi nikamwambia yule muuguzi, naenda kusimama pale nje, kwa dirisha la kioo, nitakuona wakati wote. Halafu nikatembea. Bi. Elsie huniambia mpaka leo kwamba kazi niliipata hapo, kati ya kitanda na mlango. Mgonjwa akilala pale haoni uso wako, Nekoye. Anasikia miguu. Ukikimbia, anajua umemwacha na kitu kibaya. Ukitembea, anafunga macho."

Nilimwuliza kama ni swali langu ndilo lililomfanya atembee. Aliniangalia kutoka chini pale alipopiga magoti, chaki mkononi.

"Nilikukumbuka, ndiyo. Nilikukumbuka na ndoo yako. Lakini nisikudanganye. Nilikuwa naogopa kuliko wale wawili, na miguu ilitaka kukimbia. Ni vile viatu vya mama yako. Ningekimbia, vingebaki kwa kitanda."